Dole Gumba kwenye Karatasi ya Simu ya Nsimire

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Bukavu, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata chupa moja.

Nilikuwa nachunguza simu na kompyuta kwa ajili ya mahakama. Kazi hiyo ina masharti: simu ya ushahidi haiwashwi ovyo, inatolewa nakala, na uchunguzi unafanyika kwenye nakala. Kila anayeigusa simu yenyewe anaandikwa kwenye karatasi yake. Karatasi ikiingia dosari, ushahidi umekufa.

Jumamosi hiyo nilikuwa na simu ya Nsimire, msichana wa kijiji cha Mudaka, aliyeuawa. Ndani yake mlikuwa na vitisho vya mwanamume aliyeshtakiwa, na ushahidi mwingine haukuwapo. Mvua ilikuwa inanyesha, ofisi tupu. Tangu mke wangu afariki nilikwenda kazini hata siku za mapumziko, maana nyumbani hapakuwa na wa kuniambia karibu.

Mama mmoja akabisha hodi.

"Papa, miye ni mama ya Nsimire. Unisikilizishe sauti yake, mara moja tu."

"Maman, haiwezekane."

"Nimetoka mbali, papa."

Ningemfukuza? Niamini, nilifurahi kupata mtu. Nikamfungulia ujumbe kwenye nakala: "Maman, nitakuya dimanche, unipikie sombe." Akaililia Jumapili hiyo na kisamvu hicho. Nami nikalia, nikimkumbuka mke wangu. Nilipoinua macho, alikuwa ameikumbatia bahasha yenye simu yenyewe, niliyoiacha mezani kwa uzembe. Sharti ni sharti: nikaandika jina lake na saa, naye, kwa kuwa hakujua kuandika, akatia dole gumba.

Mahakamani wakili wa mshtakiwa akaisoma ile karatasi, akatabasamu.

"Huyu maman alizikwaka Mudaka jeudi. Samedi alitia kidole namna gani?" Jeudi ni Alhamisi; samedi ndiyo ile Jumamosi yangu ya mvua.

Wakalilinganisha dole hilo na lile ambalo mama alitia kituoni kwa polisi siku alipotoa maelezo juu ya kifo cha bintiye. Lilikuwa lake, mstari kwa mstari. Unadhani hilo liliniokoa? Wakasema nimeghushi dole la marehemu, nimechezea ushahidi. Simu ikakataliwa, yule mwanamume akarudi kwake, nami nikafukuzwa kazi.

Wewe unayetunza vitu vya marehemu, ukijiona mpweke, funga ofisi uende hata kwa jirani. Mwenzio nilichelewa. Mvua ikinyesha Jumamosi, hodi inasikika mlangoni kwangu. Simwogopi yule mama. Naona aibu kumfungulia.