Jozi ya Sita

Utafiti wangu wa shahada ulikuwa na mbuzi kumi na wawili, wote wa baba yangu, pale kwetu Nkololo. Walikuwa mapacha, jozi sita. Katika kila jozi mmoja nilimlisha mashudu ya pamba na kumpaka rangi nyekundu mgongoni; pacha wake alijitafutia majani. Mwishoni ningewapima, ndugu kwa ndugu, nione nani mzito.

Jozi sita ni chache, lakini zingetosha, mradi wekundu wote washinde. Kama mashudu hayana kazi, kila jozi ni kama sarafu tu; na ukirusha sarafu mara sita, mara zote kuangukia upande mmoja ni bahati ya mara moja katika thelathini na mbili. Ukirusha mara tano, ni moja katika kumi na sita. Na watu wa takwimu wameamua kuwa jambo likiweza kutokea kwa bahati tu zaidi ya mara moja katika ishirini, halijathibitisha kitu. Aliyeuweka mpaka huo simjui, ila hakuwa mfugaji.

Siku ya kupima nilikwenda stendi ya Bariadi kumpokea mwalimu wangu wa chuo. Tuliporudi mchana, harufu ya nyama ilitupokea kabla ya baba. Kwenye uzio wa miiba ilianikwa ngozi mbichi yenye rangi nyekundu.

"Mwadila, mwalimu," baba alimsalimu. "Karibu sana, mchuzi umeiva."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbuzi hakuulizwa.

Tuliwapima waliobaki. Katika jozi zote tano, mwekundu alikuwa mzito kuliko pacha wake. Kisha mwalimu akanawa, akala, akanyonya mfupa mpaka ukalia.

"Mzee, nyama tamu hii! Mlikuwa mnamlisha nini?"

"Mashudu ya pamba."

"Ndiyo maana!" Akanigeukia huku akijichokonoa meno. "Ila wewe, jozi tano hazithibitishi kitu. Utarudia mwakani."

Mwaka mzima! Nilimfuata baba zizini.

"Baba, mbuzi wote hawa, kwa nini yule?"

Alinishangaa.

"Si ulisema mgeni huyu ndiye wa kuamua kama utapita? Sasa, mwanangu, ningemchinjia aliyekonda?"

Nilirudi ndani, nikajipakulia.