Chupa ya Nzi Jikoni kwa Mama Mkwe

Asubuhi, mezani kwake maabarani, mtafiti anamtoa buu mmoja wa nzi chupani na kumlaza kwenye tone la maji ya chumvi. Sindano moja inashika mwili, nyingine inavuta kichwa. Tezi za mate zinatoka, nyeupe, ndogo kuliko punje ya ufuta.

"Hapa ukikohoa, umekwisha," anasema.

Wenzake humwita Mama Nzi, naye huitika. Kwa miaka tisa ametunza ukoo mmoja wa nzi wa matunda ambao kipande cha kromosomu yao kimegeuka juu chini. Ukikitazama kwa hadubini, ndani ya seli za tezi hizo za mate, kipande hicho hujikunja kitanzi. Watafiti wanautegemea ukoo huo, na hawajaupata kwingine.

Wiki iliyopita mashine ya ubaridi iliharibika siku za joto kali, nzi wa chupa zote za maabara wakafa. Ilibaki chupa moja ya akiba, iliyokuwa nyumbani kando ya mtungi wa maji, chini ya ulinzi wa mama mkwe wake, mwanamke ambaye hajawahi kumsamehe nzi maishani.

Aliilinda kweli. Ila kwa huruma zake akachomoa kizibo cha pamba.

"Viumbe hao nao wanahema, mwanangu," alijitetea. "Nikawafungulia kidogo wapate hewa."

Wema hauozi, lakini huo nusura uoze. Jikoni kulikuwa na ndizi mbivu, na penye ndizi mbivu nzi hawangoji mwaliko. Kama wageni waliingia wakazaana na wenyeji, huenda ukoo umepotea.

"Nililia bafuni," anasema. "Nikafungulia maji, mama asinisikie."

Sasa anadondosha rangi juu ya tezi, anafunika kwa kioo chembamba, anakandamiza kwa kidole gumba bila kukiacha kiteleze. Buu wa kwanza wa chupa hiyo ya nyumbani hana kitanzi. Wa pili vilevile. Anachukua mwingine.

Kwa wa tatu anainama na kuzungusha lenzi taratibu. Kisha anacheka huku machozi yakimtoka.

"Njooni muone! Kimejikunja hiki hapa!"

Wageni waliingia, ndiyo, lakini wenyeji bado wamo. Kesho ataanza kuwatenga jozi kwa jozi, kila jozi na chupa yake, mpaka ukoo usimame tena. Na chupa za akiba zitarudi kwa mlinzi yuleyule.

Anampigia simu kumpa habari.

"Zilete, mwanangu," sauti inajibu. "Kizibo sikigusi tena. Ila wale wa jikoni wasio na ukoo, hao niachie mimi."