Kilima cha Theluji, na Safari Niliyomficha Kila Mtu

Nina hasira za karibu, na nikishakasirika natenda kwanza, kufikiri baadaye. Ndivyo nilivyoondoka Louisville. Mwanaume niliyezaa naye alikuwa amepata mwanamke mwingine, tena kazini kwake, na kanisa zima lilikuwa linajua isipokuwa mimi. Sikupiga kelele. Nilingoja Jumamosi, yeye akiwa shifti na mama yake akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikafunga virago, nikamvalisha binti yangu koti, nikaendesha gari mpaka Columbus, jimbo la Ohio. Binti alikuwa na miaka minne.

Mama mkwe wangu hakuwa amenikosea kitu. Yeye ndiye aliyemlea mtoto nilipokuwa kazini, akamwogesha, akamsuka, akalala naye kitanda kimoja. Nilijua kabisa kwamba nitamkata maini yule mzee, na niseme ukweli, nilitaka akatike maini, kwa kuwa ndiye aliyezaa mwanaume wa namna ile. Nilibadilisha namba ya simu kabla hata sijafungua mabegi. Mtoto aliuliza Bibi anakuja lini, nikamwambia anakuja. Aliuliza kesho yake na kesho kutwa yake, nikajibu vile vile. Wiki ya pili aliacha kuuliza, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba watoto husahau upesi.

Pamoja na maswali, aliacha pia kucheka. Sikugundua mara moja, maana kazi za ghalani zinakula akili. Tulipanga nyumba Reynoldsburg, pembezoni mwa Columbus, nikamwandikisha shule, na walimu wakawa wananisifia mtoto mtulivu, msikivu, asiyesumbua. Alitabasamu, ndiyo. Alisema asante. Ila kile kicheko chake cha Louisville, cha kujiangusha chini na kushika tumbo, sikukisikia tena mwaka mzima, wala mwaka uliofuata.

Halafu siku moja nikakisikia. Nilikuwa nimerudi mapema, nimefika mlangoni kwa jirani yetu, mama mmoja Mkongomani aliyekuwa anamchukua shuleni na kukaa naye mpaka nitoke kazini. Kicheko kilikuwa nyuma ya mlango, chenyewe hasa. Nikabisha. Mlango ulipofunguliwa binti akaniona, akanyamaza, akaenda kuchukua begi lake.

"Bon, alikuwa anacheka sasa hivi tu," Mama jirani akasema. "Anakuogopaka?"

Alisema kwa mzaha, akanifungia na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kibakuli niende nayo. Nilimchukia tangu saa ile. Niliila sombe yake na bado nikamchukia. Mwanamke aliyenisaidia kuliko ndugu zangu wote, na mimi usiku nikilala ninachoomba ni kwamba mtoto wangu acheke kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Kama mwaka 2015 hivi, msimu wa baridi ulipoanza, supavaiza wangu ghalani alinionyesha video kwenye simu. Mtoto wake, wa umri ule ule wa binti yangu, anashuka kwenye kilima cha theluji na mbao mbili miguuni. Anapiga mwereka, anainuka, anacheka mpaka kamasi zinamtoka. Mtu mwenye akili zake angesema hongera na kurudi kwenye maboksi. Mimi nilimwomba anionyeshe tena, na mara ya tatu akaanza kunitazama vibaya. Nikamuuliza huo mchezo unaanza mtu akiwa na miaka mingapi. Akasema hata miaka mitatu. Wangu alikuwa na sita, basi nikaona tumeshachelewa.

Ohio nayo ina vilima vyake, ila mimi nilitaka mbali. Rafiki niliyesoma naye shule ya kambini, kule ukimbizini, alikuwa anaishi Lackawanna, chini kidogo ya Buffalo, na vilima vikubwa haviko mbali na kwake. Nikampigia. Alicheka sana. "Sisi hii theluji tunaikimbia, wewe unaifuata na mtoto?" Lakini akasema karibuni, godoro lipo. Huyo peke yake ndiye niliyemwambia, kwa sababu nisingeweza kulala kwake bila kumwambia.

Hapa inabidi nieleze ugonjwa wetu. Sisi tuliokulia makambini Tanzania hatutangazi safari. Jina lako likibandikwa kwenye ubao kwamba umepata kwenda Amerika, unakaa kimya, unaendelea kupanga foleni ya mahindi kama kawaida, maana kuna watu walioandikiwa na wenye wivu barua za uongo ofisini, kwamba mtoto si wao, kwamba walibeba bunduki, na faili zao zikalala miaka. Mama yangu, siku yetu ilipofika, alimdanganya dada yake wa tumbo moja kwamba tunaenda zahanati. Alishika chupa ya dawa tupu mkononi ili aaminike. Dada yake akatupa uji tunywe njiani. Hawakuonana tena, na mama yangu alilisimulia hilo kama ushindi.

Kwa hiyo nilipanga ile likizo kwa kuficha, wala sikujua njia nyingine ya kupanga. Kazini nilisema nina miadi ya meno. Suruali ya theluji, glavu na miwani nilizopata kwenye duka la mitumba nilizificha kwenye buti la gari, chini ya tairi la akiba. Nikapiga simu kule kilimani kumwandikisha mtoto somo. Mwanamke aliyepokea akaniuliza uzito wake, namba ya kiatu, kama amewahi kuteleza. Kisha akauliza jina la mzazi wa pili. Nikasema hakuna. Akauliza mtu mwingine yeyote wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Ningeweza kumtaja Mama jirani, namba yake naijua kwa kichwa. Nilitaja yangu tena.

"Hii si ile ile?" akasema.

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia.

Mtoto nilikusudia kumshtukiza. Niliwaza atakavyofumbua macho na kukuta mlima mweupe mbele yake, na mimi pembeni yake, mimi niliyeuleta. Ila nyumba yenyewe ina chumba kimoja, na siku mbili kabla ya kuondoka alinikuta nikishindilia nguo kwenye begi kubwa. Alisimama mlangoni, akalitazama begi.

"Hujaona kitu," nikamwambia. "Ukiulizwa na mtu, hata Mama jirani, sema hujui."

"Sawa," akasema. Binti yangu huniongelesha kwa Kiingereza. Ninayoyaandika hapa nimeyatia katika Kiswahili changu mwenyewe.

Hakuuliza tunaenda wapi. Nilijipiga kifua kwamba nimelea mtoto anayejua kufunga mdomo. Na siku zile mbili alikuwa malaika. Alirudisha vitabu vya maktaba ya shule bila kukumbushwa. Alikunja nguo zake zote, hata za kiangazi, akazipanga pembeni ya begi. Kalamu zake za rangi, ambazo alikuwa hataki mtu azishike, alimpa mtoto mdogo wa Mama jirani. Nilimwona akizitoa na nikasema moyoni, huyu leo amekuwa mtu.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, wikiendi ya siku tatu ya mwezi wa pili, Mama jirani akiwa kwa wazee anaowatunza. Sikuchagua Jumamosi kwa kukumbuka kitu. Ni siku ambayo alikuwa hayupo, basi. Njia nzima mtoto alikaa wima na mkanda wake, akitazama dirishani, na tulipofika kando ya lile ziwa la Erie lililoganda nilimwonyesha, akasema ni zuri. Nikamuuliza kama ana furaha. Akasema ndiyo. Nilimpa biskuti akazigawa mbili, nusu akaiweka mfukoni kwa ajili ya baadaye.

Lackawanna tulilala kama tulivyoahidiwa, kwenye godoro, tukakumbatiana kwa baridi. Asubuhi tukaenda kilimani. Kuanzia hapo nilikiona cha moto. Viatu vya mchezo ule ni vigumu kama ndoo, na hakuna aliyekuwa amenifundisha kumvalisha mtu. Wenzangu walikuwa wawili wawili, baba amepiga goti anafunga, mama ameshika kofia. Mimi nilimkalisha mtoto sakafuni, nikamminya mguu mpaka akakunja uso, na badala ya kumpa pole nikamfokea alegeze vidole. Mama mmoja wa Kizungu alitaka kunisaidia, nikamwambia hapana kabla hajamaliza sentensi. Kazi yangu niliitaka yote mimi.

Mwalimu wao alikuwa binti wa chuo, mchangamfu, ana nywele nyekundu. Aliinama kwa wangu, akamuuliza jina. Mtoto akageuka kunitazama, akanivuta kwa mkono nimwinamishie sikio.

"Hapa niseme jina langu?" akanong'ona.

Nilicheka. Nilidhani ni aibu. Nikamjibia mwenyewe, mwalimu akamshika mkono wakaenda.

Kuna mkeka unaojiendesha wenyewe unaowapandisha watoto taratibu mpaka juu ya kilima kidogo. Nilisimama kwenye uzio, simu mkononi, vidole vimekufa ganzi. Alianguka mara ya kwanza, akainuka bila kulia. Akaanguka ya pili. Mara ya nne au ya tano alishuka amekunja magoti kama alivyoelekezwa, akashuka, akashuka, hakuanguka, na alipofika chini mwenyewe akasimama. Akacheka. Akajiangusha kwa makusudi chali kwenye theluji, akashika tumbo, akacheka kile kicheko chenyewe. Machozi yalinitoka. Nilisahau hata kurekodi. Nilimkumbuka Mama jirani na kibakuli chake na nikamcheka moyoni, nikasema umeona sasa, si wewe peke yako.

Mapumziko ya mchana tulikaa kwenye meza ndefu ndani, viatu vimefunguliwa, sahani ya chipsi katikati yetu. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimejaa furaha kiasi cha kushindwa kula.

"Pazuri hapa," akasema.

"Umepapenda?"

"Ndiyo. Sijali tukikaa huku." Akachovya chipsi. "Shule yangu iko karibu na huku, au karibu na ile nyumba tuliyolala?"

Nilimuuliza shule gani. Akasema ile mpya. Nikamwambia hakuna shule mpya, tumekuja kucheza tu, kesho tunarudi nyumbani Columbus, shule yako ni ile ile. Aliniangalia kwa upole, namna anavyomwangalia mwalimu anayekosea jina lake, halafu akaitikia kwa kichwa. Hakuniamini hata kidogo. Na kwa nini aniamini? Nilikuwa nimefunga mabegi, nimemfunga mdomo, nimengoja anayempenda atoke nyumbani, nimewasha gari.

"Kweli tunarudi," nikasema. "Jumatatu utamwona Mama jirani."

"Usijali, mama," akasema. Alikuwa ananibembeleza. Ana miaka sita, ananibembeleza mimi. "Nimeshaanza kumsahau."

Nikamuuliza anamsahauje mtu aliyemwona juzi. Akaniambia, bila huzuni, kama mtoto anayeeleza jinsi ya kufunga kamba za viatu. Unaanza na uso, maana uso ni rahisi. Halafu chakula chake. Ukikumbuka, unahesabu kitu kingine upesi, madirisha au magari. Sauti ndiyo ngumu. Sauti ya Bibi ilikataa kutoka muda mrefu, ilikuwa inakuja akisukwa nywele, ndiyo maana aliniomba nimnyoe.

Nilikumbuka siku aliyoniomba. Nilifurahi kupunguziwa kazi.

Watoto wengine walikuwa wameanza kuinuka, mezani kumejaa glavu na vikombe. Ningeweza kuishia hapo. Ningempa pole, ningempigia Mama jirani pale pale wakasalimiana, na mtu mwingine angefanya hivyo. Mimi nikauliza nilichokuwa nataka kujua, maana hata wakati ule nilikuwa najifikiria mimi.

"Na mimi je? Umeshawahi kujaribu kunisahau mimi?"

Alifikiria. Hakutaka kunidanganya.

"Kidogo tu," akasema. "Siku ukichelewa kurudi kazini."

Mwalimu aliwaita. Binti yangu akafuta vidole kwenye suruali, akaninyooshea mguu, nikapiga goti kumfunga viatu. Mara hii vilifungika vizuri.