Siku Niliyokata Ethi Kagoma

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata sasa hivi mkono huu wa kulia unatafuta mfuko wa kujificha. Ilikuwa Kagoma, kwenye sendoff ya binti mmoja, na mpiga kinanda nilikuwa mimi. Usinione na upara huu. Enzi hizo nilikuwa na nywele ambazo ndege wangeweza kutagia, na nikigusa kinanda kuku walikuwa wanaacha kudonoa. Kuna ng'ombe mmoja kule Kashai alikuwa hakamuliki mpaka nimpigie nyimbo mbili. Cheka tu, lakini mwenye ng'ombe yupo, kamuulize.

Shule sikukaa sana. Ufundi nilifundishwa na Ta Ishengoma, fundi wa redio na amplifaya pale Kashai. Mzee mfupi, mpole, ukitaka kumsikia lazima uzime kila kitu. Vyombo vilikuwa vyake, mimi nilikuwa mpigaji na mbebaji. Kila siku ananiambia neno lile lile: "Spika ikinguruma kuna kitu kinaumwa. Kitafute. Anza kwenye soketi ya ukutani, fuata waya mpaka mwisho, kimoja kimoja." Mimi naitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, na macho yako kwa wasichana.

Basi siku hiyo tulivuta umeme kutoka dirishani mwa nyumba mpaka kwenye turubai. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, na mvua ya kwetu unaijua, haina adabu. Wenyeji, kwa heshima ya wageni, walikuwa wametandika majani mabichi pale mbele, kama Wahaya tunavyotandika tangu zamani. Majani mengi, mazuri, yanametameta maji. Ukitaka kukanyaga pale unavua viatu. Hilo hata mtoto haambiwi.

Nikawasha. Spika ikaanza: mmmmmmm. Nikapunguza sauti, mmmmmm. Baba wa binti akanisogelea.

"Kijana, sisi tumekodi muziki au mzinga wa nyuki?"

Watu wakacheka, turubai likataka kupaa. Ta Ishengoma alikuwa anaitwa ndani kula ndizi. Akaniinamia sikioni: "Zima, unisubiri. Nikitoka tunatafuta wote. Usikate kitu." Halafu akaingia.

Mwanangu, kusubiri huku unachekwa ni kazi ngumu kuliko kubeba spika mlimani. Nilikuwa nimesikia kwa mjanja mmoja wa stendi ya Bukoba kwamba kwenye plagi ule waya wa kijani na njano, wa ethi, ndio unaoleta kelele. Nikachomoa plagi ya amplifaya, nikaifungua, nikaukata, nikairudisha. Kimya! Sijawahi kusikia kimya kitamu vile. Watu wakapiga makofi, baba wa binti akaniita injinia. Nikajaribu maiki, "haloo, haloo," ikanifinya mdomo kidogo, kama siafu. Nilikuwa nimesimama kwenye mbao, nimevaa raba zenye soli nene kama chapati kumi. Nikasema ah, ni pilipili ya mchana. Mchana nilikuwa sijala kitu.

Ngoma zikaanza, wanawake wanaimba. Mshereheshaji akamwita ishenkazi, yaani shangazi yake binti, Ma Kokushubira, aje amuage mtoto. Na huyu mama ndiye aliyemlea yule binti tangu ana meno mawili, mama mzazi alipofariki. Watu wote walikuwa wanasubiri neno lake.

Wakati huo huo Ta Ishengoma akatoka ndani, anajifuta mikono. Akasimama ghafla.

"Mngurumo umekwenda wapi?"

"Nimeuondoa, mzee!"

"Umeuondoaje?"

"Nimekata ethi."

Nimeona watu wakiogopa, mwanangu. Nimeona mvuvi wa Goziba aliyepinduliwa na mtumbwi. Lakini uso kama ule wa Ta Ishengoma sijauona tena.

"Umeme ulikuwa unavuja humo ndani," akasema. "Ethi ndiyo ilikuwa inaupeleka chini. Sasa utapita kwa nani?"

Wote wawili tukatazama mbele. Ma Kokushubira alikuwa ameshavua viatu, amevipanga pembeni vizuri. Anakanyaga majani, maji yanamtoka katikati ya vidole. Anakwenda taratibu, kitenge chake kinaburuza, mkono umeshanyooka kuelekea maiki.

"Mama, usishike!"

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Ngoma zikanimeza. Akaishika.

Hakulia. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo. Mdomo wazi, sauti hamna, mwili unatikisika, vidole vimeng'ang'ania ile maiki kama vimeshonwa. Na wale wanawake, wakidhani ni uchungu wa kumuaga mtoto, wakapiga vigelegele! Vigelegele, mwanangu, na mtu anakufa mbele yao. Binti naye akainuka, machozi yanamtoka, anakwenda kumkumbatia.

"Mtu asimguse!" Ta Ishengoma, yule asiyesikika, siku hiyo alisikika mpaka ziwani. Akamrukia yule binti, akamvuta nyuma, wakaanguka wote. "Wewe! Ukutani!"

Nikakimbia. Mlango ulikuwa umejaa viatu vya wageni, viatu vingi kuliko dagaa, nikateleza, nikaingia kwa magoti. Sebule ile ilikuwa hatua sita, lakini mimi nakuambia nilikimbia kutoka Muleba mpaka Bukoba na kurudi. Nikafika kwenye soketi, nikang'oa plagi.

Kule nje ngoma zikanyamaza moja moja.

Nilirudi natembea. Ma Kokushubira amelala kwenye majani. Ta Ishengoma yuko juu yake anambana kifua, anahesabu. Nilimwomba Mungu kwa Kihaya, nikamwomba kwa Kiswahili, nikamwomba na kwa lugha nyingine ambayo sijui niliitoa wapi. Binti anaita, "Mawe! Mawe!" yaani mama kwa Kihaya, maana kwake yeye huyo ndiye mama.

Akakohoa. Akafungua macho, akatutazama tuliomzunguka.

"Nani alikuwa amenishika mkono?"

Mimi nilijua ni mimi.

Walimkimbiza hospitali, akapona, ila vidole viwili havikunyooka tena. Kesho yake Ta Ishengoma alifungua amplifaya mbele yangu. Waya umetafunwa na panya, umegusa bati la kasha. Basi. Hakunipiga. Alisema tu, "Nilikuambia nisubiri," akaendelea kuyeyusha risasi ya kuungia waya. Afadhali angenipiga.

Sasa wewe, mwanangu, na vinanda vyenu vya siku hizi vya kuwasha kwa simu. Spika ikinguruma, zima kwanza. Kinanda na amplifaya vichomeke kwenye ekstensheni moja, usitoe umeme huku na kule, mara nyingi kelele huishia hapo. Bado? Badilisha waya, badilisha adapta, kimoja kimoja. Bado tena? Fundi. Chombo kikikufinya hata kidogo, usikiguse tena, na usimwachie mwenzio akiguse. Ethi usiikate, hata baba wa bibi harusi akikuita mzinga. Wanaokucheka watakuwa wamesahau kabla ya pilau. Mimi ninavyokumbuka unaniona.

Mungu akulindie mikono hiyo, na akamlinde kila atakayesimama mbele ya vyombo vyako. Upige mpaka vikongwe waombe urudie, na kila uliyemkuta anacheza umwache anacheza. Haya, nenda.