Nilimsainisha mtu ambaye uwanja si wake, siku chache kabla ya wapima kufika

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa kusoma kimya kimya na wa kutoa povu.

Haya yalinipata mwenyewe, hapa Morogoro, na si zamani. Majina nimebadilisha na mtaa sitautaja, kwa sababu bado naishi hapo na bado nanunua mboga kwa wahusika. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonitia aibu.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni binti, graduate, kwetu Same. Nilipomaliza chuo sikurudi nyumbani, nikapata nafasi ya kujitolea kwenye ofisi ya mtendaji wa mtaa, huku juu upande wa milima ya Uluguru. Ni mtu wa kuwaza sana. Nikitaka kutuma meseji naisoma mara sita, na ikishaenda naisoma tena.

Mtaa wetu ni mteremko mtupu. Nyumba zimekaa kama ngazi. Tambarare iko moja tu, nayo ni uwanja wa mpira.

Jioni wanaanza wasichana, wakimaliza wanaingia wavulana. Wasichana ndio habari ya mjini. Mashindano ya mwisho walishuka mjini wakarudi na kombe, na kapteni wao, Rehema, tangu siku hiyo anatembea kama diwani.

Sasa ikaja barua kutoka halmashauri. Zoezi la urasimishaji limefika kwetu, wapima wanakuja kupima mtaa mzima ili kila mtu apate kiwanja chenye mipaka na namba.

Barua ilisema maeneo ya michezo nayo yaingizwe kwenye mchoro, ila kila eneo liwe na muhtasari wa mkutano wa mtaa na ridhaa ya mwenye ardhi. Lisilokuwa na hivyo litachorwa viwanja vya makazi kama mengine.

Kwa lugha nyepesi: bila saini, uwanja unakuwa nyumba. Na tambarare nyingine hatuna.

Mtendaji, mama mpole mwenye kazi nyingi kuliko mikono, akanikabidhi faili. "Hii ni yako. Wapima wanakuja Jumanne ya wiki ijayo."

Nilifanya ile kazi kwa moyo wote. Nilipima uwanja kwa hatua, nikarudia kwa kamba kwa sababu sikuziamini hatua zangu. Nikauliza watu uwanja ulitoka kwa nani. Wote wakataja jina moja, marehemu mzee Kibwana, ndiye aliyewaruhusu vijana wacheze zamani hizo. Mtoto wake mkubwa, mzee Shabani, yuko hai, nyumba ya tatu kutoka ofisini.

Nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo ofisi imenifuata nyumbani? Nimekosa nini?"

Nikamuuliza kama baba yake ndiye aliyewapa vijana uwanja. Akasema ndiye. Nikamuuliza kama yeye ndiye mtoto mkubwa.

"Wa kwanza, na mzuri kuliko wote."

Nikamwekea mbele fomu ya ridhaa. Akasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukatoka nje ya mstari.

Wakuu, ule mkia uliniondolea usingizi. Nilikuwa nawaza kama saini iliyovuka mstari inakubalika, kama nirudi nikamwombe asaini upya, kama akisaini upya zile mbili zitafanana. Kumbe shida ilikuwa kwingine kabisa.

Mkutano wa mtaa ulikuwa Jumapili, baada ya adhuhuri. Mwenyekiti akanisimamisha nisome fomu. Nilipofika kwenye maneno "mimi Shabani Kibwana, mmiliki wa eneo," kicheko kikaanzia nyuma walikokaa akina mama, kikaja mbele.

Akasimama Bi Mwanaidi. Huyu ni mama mtu mzima, mkulima wa karoti, hapendi kupandisha sauti.

"Mwanangu, hebu rudia hapo kwenye mmiliki."

Nikarudia.

Akamgeukia mzee Shabani. "Umeanza lini kumiliki?"

"Dada, mimi nilijua nasaini ushahidi," akajitetea. "Mtoto kaja na heshima zake, kaniamkia vizuri, ningemfukuza?"

"Usingemfukuza. Ungevaa miwani."

Watu wakacheka tena.

Kwa wasiojua: kwa Waluguru, ardhi inafuata upande wa mama. Mzee Kibwana aliisimamia ile ardhi kama mjomba wa ukoo, wenyewe wanauita lukolo. Alipofariki haikwenda kwa watoto wake. Ilikwenda kwa watoto wa dada yake, na mkubwa wao ni Bi Mwanaidi. Mzee Shabani ana ardhi yake upande wa mama yake, ng'ambo ya mto, na hana ugomvi na mtu.

Mimi nimekulia Same. Shamba la babu limekwenda kwa baba, la baba litakwenda kwa kaka zangu. Kwa hiyo kichwani mwangu hilo halikuwa hata swali. Nilihakiki herufi, nikahakiki vipimo, sikumuuliza mtu yeyote ardhi ni ya nani.

Bi Mwanaidi akasema, "Karatasi hiyo ingepita, mwakani tungeambiwa ukoo wetu hauna kitu hapa. Mimi sikubali." Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Wanawake wengine sita wa ukoo wake wakainuka naye. Mwenyekiti akaahirisha.

Rehema alikuwa amekaa na wenzake kwenye nyasi. Akanifuata. "Dada, sasa sisi tutacheza wapi?"

Nikaikunja ile fomu, nikairudisha kwenye faili.

Jumatatu asubuhi mtendaji aliniambia niandike tu kwamba eneo lina mgogoro. Nikamuuliza eneo lenye mgogoro linafanywaje. Akasema, "Linachorwa viwanja, halafu wenyewe wanavutana baadaye."

Nikamwomba nusu siku.

Njiani nilitunga maneno matatu tofauti ya kuomba radhi. Sikutumia hata moja. Nilimkuta Bi Mwanaidi uani anafunga mafungu ya karoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa ufunge."

Nikakaa, nikafunga. Akaliangalia fungu langu. "Unafunga kama unafunga mbuzi. Legeza."

Nikalegeza. Kisha nikasema tu, "Bibi, nilikosea. Nilimuuliza mzee Shabani baba yake ni nani, sikumuuliza ardhi ni ya nani. Ningekuja kwako kwanza."

"Ungekuja," akasema. Tukafunga mafungu mengine kama manne hivi.

Halafu akafunguka. "Rehema ni mjukuu wa mdogo wangu. Unadhani sitaki acheze? Kuna neno humo kwenye karatasi yako. Nisomee."

Fomu iliandikwa: *nimetoa eneo kwa hiari yangu*.

"Hilo. Ardhi ya ukoo haitolewi. Mjomba aliwaazima vijana, na sisi tunawaazima. Andika hivyo, nitaweka dole gumba sasa hivi."

Fomu haikuwa na sehemu ya kuazima. Ila hapa ndipo kuwaza kwangu kulipofaa kitu. Ile barua ya halmashauri nilikuwa nimeisoma mara nyingi mpaka naijua kwa kichwa, na ilisema fomu ya ridhaa *au makubaliano ya maandishi kati ya mwenye ardhi na serikali ya mtaa*. Nilipoyakumbuka yale maneno niliinuka na karoti mkononi.

Tuliandika pale pale, kwa mkono. Ardhi inabaki ya ukoo. Matumizi ni michezo. Hapatajengwa nyumba, ofisi wala soko. Michezo ikikoma, ardhi inarudi. Wanawake wa ukoo waliitwa mmoja mmoja, wakaweka majina na dole gumba.

Mchana mkutano ukaitishwa upya, makubaliano yakasomwa, muhtasari ukaandikwa. Mzee Shabani akasaini tena, safari hii kweli kama shahidi. Mtendaji akayasoma, akapiga simu halmashauri, akasikiliza sana. Alipokata akasema, "Wanasema hawajawahi kuona hii, lakini hawaoni kosa." Akagonga muhuri.

Jumanne wapima walipofika uwanjani, walimkuta Bi Mwanaidi na wenzake wamesimama pembeni mwa uwanja, kila mmoja kwenye mpaka anaoujua. Mkuu wa wapima akauliza mmiliki ni nani.

"Sisi."

"Mama, nahitaji jina."

"Majina saba. Kalamu yako ina wino?"

Akaandika saba. Bikoni, zile nguzo fupi za mpaka, zikachimbiwa nne. Kwenye mchoro pakaandikwa uwanja wa michezo, nimepaona kwa macho yangu.

Wakati wapima wanakusanya vifaa, Bi Mwanaidi akaniuliza, "Kwenu ardhi inafuata nani?"

"Baba, bibi. Inakwenda kwa kaka zangu."

"Na wewe unapata nini?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. "Sipati."

Akawatazama wenzake, wakaniambia wote kwa pamoja, "Pole, mwanangu." Na hawakuwa wanatania.

Wakuu, nilichotoka nacho ni kwamba serikali inaweza kuwa na nia nzuri kabisa ya kulinda viwanja vya vijana, na karatasi yake ikawa na neno moja ambalo mwenye ardhi hawezi kulikubali. Anayepeleka karatasi ndiye anayetakiwa kulijua hilo, si mpima wala mtu wa halmashauri. Mimi nilipeleka kichwa cha Same kwenye ardhi ya Uluguru. Siku hizi kabla sijatoa kalamu naanza na swali: hii imekuja kwenu kwa upande wa nani? Nimeshaliuliza kwenye maeneo mawili mengine, na kote nilipewa jina ambalo nisingelipata peke yangu.

Wenye uzoefu wa mipango miji naomba mniambie, makubaliano ya kuazima kama haya yanasimama akija mtendaji mwingine? Hilo bado linanisumbua.

Na ninyi wengine: ule uwanja mliochezea utotoni ni wa nani? Wapima wakija kesho, mnajua mlango wa kugonga?