Mwalimu Asnath Aliyerudisha Mzigo kwa Kukosa Kasoro

Siku ya kwanza Asnath alipoingia kwenye yadi yangu ya chuma chakavu hapa Kasulu, aliulizia betri za tochi zilizokufa. Watu huja kuziuza; hakuna anayekuja kuzitafuta. Nikajua huyu ama ana wazimu, ama ni mwalimu wa fizikia. Kumbe ni mwalimu kweli, anafundisha Kibondo.

"Nataka zinki ya maganda yake, Baba Shadia."

"Utanipa nini?"

"Mshahara wa mwalimu unaujua."

"Basi mfundishe binti yangu kila Jumamosi."

Maganda yakaenda kwa Habonimana, mhunzi. Zinki ikiungua hutoa moshi unaotua kuwa unga mwepesi kama sufi. Asnath alisema kila chembe ni sindano ndogo mno hata jicho halina habari nayo. Akaumulika kwa kurunzi yangu ya kukagulia noti bandia. Unga ukawaka kijani.

"Kinachowaka ni kasoro," akasema. "Ndani mna mahali palipokosa oksijeni. Ila wataalamu bado wanabishana."

Kasoro ninayoijua mimi hushusha bei. Yeye alitaka kopo zima la unga huo apeleke chuo kikuu Dar es Salaam. Lisipowaka, nafasi yake ya utafiti anapewa mwingine.

Habonimana aliposikia habari za chuo kikuu, akaona haya kutoa kazi yenye kasoro. Akaurudisha unga motoni, chungu wazi hewa iingie, akavukuta mpaka ukawa mweupe kama kanzu ya Idi. Asnath akamulika. Giza.

"Umeutakasa mno, mzee! Nirudishie kasoro zangu!"

"Ehe! Mwalimu, tangu nianze kufua sijarudishiwa jembe kwa sababu ni zima."

Dawa ilikuwapo: kuchanganya na unga wa mkaa, kufunika chungu, kuchoma upya ili mkaa uinyang'anye zinki oksijeni. Habonimana alikuwa ameumaliza mkaa wake kwa kuvukuta; uliobaki ulikuwa wangu, na mimi sikuwa na haraka. Akikwama, Shadia anabaki na mwalimu.

"Nikienda nitamfundisha kwa simu," Asnath akasema.

"Vocha ya nani?"

"Yangu, baba. We mtu una roho ngumu!"

Nikatoa mkaa. Unga ukawaka tena, naye akaipata nafasi yake. Habonimana sokoni wanamwita Fundi Kasoro, na wateja wake wameongezeka. Shadia amefaulu fizikia, naye sasa anataka chuo hichohicho. Natafuta mtu wa kukaa kwenye mizani ya yadi badala yake.