Fundo Jekundu

Metroni, mkuu wa wauguzi, aliondoa tepe nyekundu akijua fika kwamba Mama Mashuka, mfuaji wa hospitali, hajui kusoma. Dhuluma yenyewe ndiyo hiyo.

Miaka kumi na tisa, mashuka ya wodi ya waliotengwa kwa maradhi ya kuambukiza yalishuka chumba cha kufulia yakiwa kwenye mifuko iliyofungwa utepe mwekundu. Mama Mashuka akiona fundo lile, huvaa glovu ndefu na kuutumbukiza mfuko mzima kwenye maji yanayotokota. Walipokuja wakaguzi, Metroni akaona tepe zinaaibisha hospitali. Tangu siku hiyo mifuko ikabandikwa karatasi zilizoandikwa.

"Na mimi nisiyesoma, bimkubwa?"

"Utazoea. Mashuka nayo yanataka digrii?"

Wafuaji wenzake wakacheka. Naye akacheka, afanyeje?

Wiki hiyohiyo akafungua mfuko wa wodi ile kwa mikono mitupu, na dole gumba la kulia lina mchubuko wa ndoo. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, unanuka.

Kijana wa maabara akaja kitandani kwake. "Mama, bakteria hawa ni wageni hapa. Wananata kwenye kitambaa siku nyingi. Wakiingia kwenye kidonda wanajifunika ute, dawa haipenyi. Wakishajificha humo, wanatoa sumu inayoozesha nyama."

"Si mnipe dawa kali zaidi, mwanangu?"

"Tumejaribu tatu. Wamezizoea zote."

"Kumbe hata wadudu wamesoma kunishinda."

Alisubiri kijana acheke. Hakucheka. Hapo ndipo alipojua.

Daktari alisema wakikata leo chini ya bega, ataishi. Wakingoja kesho, hajui. Karatasi ya ridhaa ikaletwa, pamoja na wino wa kutia dole gumba. Mama Mashuka akautazama mkono uliofungwa bendeji, mkono uliolea watoto wanne, akamwambia mdogo wake, "Nipakie wino kushoto. Huyu ameshamaliza kazi."

Mwezi haukuisha, tepe nyekundu zikarudi, kimyakimya, kwa mfuaji mpya. Lakini katika kitabu cha ajali, mdogo wake alimsomea: "Uzembe wa mfuaji."

Mkono hautarudi, hilo analijua. Anachomdai Metroni ni mstari ule: aufute kwa mkono wake mzima, mbele ya wafuaji wote waliocheka, na aseme ni nani aliyelifungua fundo.